Debe Tupu Lisilovuma

Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu mwenye maneno mengi na maarifa machache, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Lakini ukiipima kwa kipimo cha sayansi, msomaji wangu, utaona kwamba debe la wahenga halikuwa tupu hata kidogo. Lilikuwa limejaa hewa mpaka ukingoni. Hewa ndiyo iliyolivumisha, na hewa ndiyo iliyoichukua sauti yake hadi masikioni mwa jirani. Kama debe hilo lingalikuwa tupu kwelikweli, ndani yake na nje yake, lingalipigwa rungu mchana kutwa na lisisikiwe na mtu yeyote.

Nataka tufikiri pamoja juu ya debe tupu la kweli. Haliko mbali sana nasi. Liko juu ya vichwa vyetu, na huanza mwendo unaozidi kidogo tu safari ya kutoka Thika kwenda Nairobi na kurudi, kama safari hiyo ingaliweza kuelekezwa juu badala ya mbele. Swali lenyewe ni hili: je, sauti yaweza kusafiri katika anga la nje, kule wanakopita wanaanga na setilaiti? Watu wengi hujibu kwa neno moja: haiwezi. Jibu hilo lina ukweli, lakini ukweli wake una mipaka; na asiyeijua mipaka ya jibu lake hajalijua jibu lenyewe.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na umri wangu haujatimiza miaka arobaini. Nyumba yangu iko Ruiru na kazi yangu iko upande wa Thika. Kwa hiyo asubuhi na jioni husafiri katika barabara kuu iunganishayo miji hiyo miwili. Mtu apitaye njia hiyo hana haja ya kuambiwa sauti ni nini. Kabla jua halijachomoza, jogoo huwika na bodaboda huanza kunguruma. Kisha matatu huja na muziki wake mzito, na utingo hupiga ubavu wa gari kwa kiganja kumjulisha dereva kuwa abiria wamekwisha kupanda. Malori ya mananasi hupita yakitikisa madirisha ya maduka. Ukifika Thika, ukajitenga kidogo na magari, waweza kusikia mito miwili, Chania na Thika, ikiporomoka karibu karibu, kila mmoja kwa ngurumo yake.

Katika mji huo huo kuna shule ya wasioona, iliyofunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mara kwa mara nimewaona vijana wasioona, fimbo nyeupe mkononi, wakisimama ukingoni mwa njia na kusikiliza kabla ya kuvuka. Kwa sikio hujua kama lori lakaribia au lajitenga, kama ukuta u karibu au uwanja u wazi. Kwao hewa si kitu cha kuvuta puani tu. Hewa ni barabara ambayo dunia yote huipitia ili kuwafikia. Sisi wenye kuona husahau jambo hilo, kwa kuwa macho yetu hutufanyia kazi nyingi, na kazi ya hewa hatuioni.

Basi sauti ni nini? Sauti si kitu kinachorushwa kutoka kwa msemaji mpaka kwa msikilizaji kama jiwe lirushwavyo na teo. Sauti ni mtikisiko unaopokezanwa. Tazama watu waliopanga foleni kituoni wakati wa jioni, wakingoja gari la kurudi nyumbani. Wamesongamana, bega kwa bega, kifua kwa mgongo. Mtu wa nyuma kabisa akisukumwa, humsukuma aliye mbele yake, naye humsukuma wa mbele yake, mpaka wa kwanza huyumba na kukaribia kuanguka barabarani. Hakuna hata mmoja aliyetoka nyuma akaenda mbele. Kila mtu aliyumba kidogo akarudi mahali pake. Kilichosafiri ni msukumo. Ndivyo ilivyo sauti: ngozi ya ngoma huisukuma hewa iliyo karibu nayo, hewa hiyo huisukuma ya pili, nayo ya pili huisukuma ya tatu, mpaka kiwambo cha sikio lako husukumwa, nawe husema, “Nimesikia ngoma.”

Hewa imefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Katika sentimita moja ya ujazo, nafasi isiyozidi ncha ya kidole, zimo molekuli kiasi cha milioni milioni milioni 25. Foleni yao imesongamana hata kila moja humgonga mwenzake kabla haijakwenda sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kwa sababu hiyo msukumo hupita upesi. Katika hewa ya kawaida sauti hukimbia kiasi cha mita 340 kila sekunde. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita 20 hivi. Sauti yenye nguvu ya kutosha ingalifika kwa dakika moja. Katika maji hukimbia kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, na katika chuma cha pua zaidi ya mita 5,000. Hii ndiyo sababu ukitega sikio kwenye nguzo ya chuma ya lango la shule, na mwenzako akagonga nguzo hiyo hiyo upande wa pili, wausikia mgongo wa chuma kabla ya ule wa hewa, kama lango ni refu vya kutosha.

Kufikia hapa hakuna ugomvi. Ugomvi huanza tunapolitaja neno moja la lugha yetu, nalo ni neno “anga”. Nitakueleza jinsi lilivyoleta fitina darasani.

Mwanachuo wetu mmoja, binti wa miaka ishirini na mmoja, alipelekwa katika shule moja ya Ruiru kufanya mazoezi ya kufundisha. Alifundisha somo la sauti, na kwa nia njema akaeleza kwa Kiswahili ili watoto wote wapate kuelewa. Akasema, “Sauti haiwezi kupita angani.” Mvulana mmoja akainua mkono, akasimama, akasema, “Mwalimu, mbona ndege ikipita angani twaisikia? Na radi je? Si hupiga angani?” Darasa zima likacheka. Binti yule alikuwa mgeni wa kazi, na mkaguzi alikuwa ameketi nyuma na kalamu yake. Akamwambia mvulana aketi, kwa kuwa kitabu ndivyo kilivyosema. Mvulana akaketi. Tangu siku ile, kwa majuma mawili, hakuinua mkono tena.

Binti aliporudi chuoni alinijia akiwa na huzuni. Akaniambia, “Mwalimu, nilisema kweli, lakini naona nimemdhulumu yule mtoto.” Nikamjibu kwamba wote wawili walisema kweli, na kwamba aliyewagombanisha ni neno. Watu wetu huliita anga lile liliko wingu na mwewe, na huliita anga lile ziliko nyota, kana kwamba ni chumba kimoja chenye dari moja. Katika chumba cha chini mna hewa, na ndege na radi husikika. Katika chumba cha juu hewa imekwisha. Mtoto alizungumza juu ya chumba cha chini, na mwalimu alizungumza juu ya chumba cha juu. Tokea hapo, katika masomo yangu, husema “anga la hewa” na “anga la nje”, nami nakusihi, msomaji, ufanye vivyo hivyo. Neno likibeba mizigo miwili, ni heri kuutua mmoja kabla ya kuanza safari.

Huenda ukauliza: mpaka wa vyumba hivyo viwili uko wapi? Hakuna ukuta. Hewa haikatiki kama kitambaa. Hupungua polepole kama mteremko. Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa Thika, waweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini. Juu ya kilele chake kirefu, Batian, chenye mita 5,199, mgandamizo wa hewa umepungua karibu nusu. Ukipanda kilomita nyingine tano na nusu hivi, hupungua nusu tena, na kuendelea. Ufikapo kilomita 100, hewa iliyobaki haifiki sehemu moja ya milioni ya ile tunayoivuta, na kwa kawaida wataalamu huhesabu kwamba hapo ndipo anga la nje linapoanza.

Habari hii ya kupungua kwa hewa haikupimwa katika nchi za mbali pekee. Sehemu yake ilipimwa kutoka kwetu. Katika bahari ya Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma juu ya maji, wakaliita San Marco. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi iliondoka hapo ikiwa na setilaiti San Marco 2. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima uzito wa hewa kule juu kabisa, juu ya mstari wa ikweta, mahali ambapo hewa ni nyembamba mno lakini bado haijatoweka. Wavuvi wa pwani ile waliisikia roketi ikinguruma ilipoondoka, kwa sababu hewa ya bahari iliwaletea ngurumo. Lakini setilaiti ilipokwisha kufika mahali pake ilizunguka dunia bila ya kishindo, na habari zake zilitufikia kwa redio.

Sasa pima ajabu hii. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima wa moto wa Krakatoa, katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka. Sauti yake ilivuka Bahari ya Hindi ikasikiwa katika kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 kutoka mlimani, saa nne baadaye, na watu wa huko walidhani ni mizinga. Sauti iliyoweza kuvuka bahari nzima kwa mlalo isingaliweza kusikiwa na mtu aliye kilomita mia chache tu juu ya mlima ule ule. Si kwamba ilikosa nguvu. Ilikosa wa kuipokea. Huko nje, kati ya sayari, sentimita moja ya ujazo aghalabu ina chembe zisizofika kumi, na chembe moja huweza kusafiri mwendo unaokaribia ule wa kutoka jua hadi dunia kabla haijamgonga mwenzake. Ichukue foleni yetu ya kituoni, umweke mtu mmoja Thika na mwingine Mombasa, kisha umsukume wa Thika. Wa Mombasa hatayumba.

Jambo hili laweza kuonyeshwa. Robert Boyle wa Uingereza alitoa kitabu mwaka 1660, akaeleza jinsi alivyoitundika saa kwa uzi ndani ya chombo cha kioo, akaitoa hewa kwa pampu, na mlio wa saa ukafifia. Chuoni kwetu hatukuwa na pampu, wala shule ile ya Ruiru haikuwa nayo. Kwa hiyo tulitumia njia ya wasio na pampu. Tulichukua chupa ya maabara yenye kuvumilia moto, tukatia maji kidogo, tukatundika njuga ndogo kwa uzi chini ya kizibo. Maji yakachemshwa bila kizibo mpaka mvuke ukaifukuza hewa yote chupani. Kisha moto ukaondolewa, chupa ikazibwa barabara, ikaachwa ipoe. Mvuke ulipopoa uligeuka maji tena, na nafasi yake ikabaki karibu ombwe, yaani mahali pasipo kitu. Tulipoitikisa chupa, njuga ilionekana ikicheza, lakini mlio wake ulikuwa kama mlio wa njuga iliyo nyumba ya pili. Tulipofungua kizibo, hewa iliingia kwa mfyonzo, na njuga ikalia kama ya ng'ombe. Jaribio hili, msomaji, lisifanywe bila mwalimu karibu, kwani chupa dhaifu huweza kupasuka na kumjeruhi mtu.

Mlio haukufa kabisa, na ni haki niseme kwa nini. Mvuke kidogo ulibaki, na uzi nao ulichukua sehemu ya mtikisiko mpaka kwenye kizibo. Sauti ni kama maji: ikipata ufa, hupita.

Binti alikwenda na chupa ile katika darasa lile lile, kwa ruhusa ya mwalimu mwenyeji. Kwanza aliandika ubaoni maneno mawili, anga la hewa na anga la nje. Kisha akamwita mvulana yule mbele ya wenzake, akamwambia kwamba swali lake lilikuwa la haki, akampa chupa aitikise yeye mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba mtoto aliiweka chupa sikioni, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: “Ikiwa sauti haipiti, wanaanga huzungumzaje nasi?” La pili: “Na pakibaki hewa kidogo sana, pana sauti kidogo sana, au hapana kabisa?” Hakuna aliyecheka. Ningependa kukujibu maswali hayo mawili kama tulivyomjibu yeye.

Jibu la swali la kwanza ni kwamba redio si sauti. Mawimbi ya redio ni ndugu wa nuru, nayo hayahitaji foleni ya molekuli. Hupita katika utupu kwa mwendo wa kilomita 300,000 kila sekunde, kama nuru ya jua ipitavyo. Sauti ya mwanaanga hugeuzwa ndani ya chombo chake ikawa alama zinazobebwa na mawimbi hayo. Huku kwetu chombo kingine huzigeuza alama zikawa sauti tena. Ni mfano wa barua: karatasi haisemi, lakini aliyeisoma amepata maneno ya rafiki. Mwezi Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin waliposimama juu ya mwezi hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwenziwe, walisikilizana kwa redio, kwa kuwa mwezi hauna hewa ya kuchukua sauti. Ndiyo maana mtangazaji akisema mjini Nairobi, mawimbi ya redio huweza kufika Malindi kabla sauti ya mwalimu haijafika kwa mwanafunzi aketiye mita nane nyuma ya darasa.

Jibu la swali la pili ni refu zaidi, nalo ndilo linaloonyesha mipaka ya lile neno “haiwezi”. Tuanze na jirani yetu Mirihi. Sayari hiyo ina hewa, lakini mgandamizo wake haufiki sehemu moja ya mia ya hewa yetu. Mwezi Februari 2021 chombo cha Wamarekani kiitwacho Perseverance kilitua huko kikiwa na vinasa sauti. Vilinasa mvumo wa upepo, na baadaye mngurumo wa panga za helikopta ndogo iliyoruka karibu. Sauti ya huko ni hafifu, huenda polepole, na milio myembamba hufa mapema. Hata hivyo ni sauti. Basi pakibaki hewa kidogo, sauti hubaki kidogo.

Lakini pakibaki chache zaidi ya hapo? Hapo kuna kanuni. Wimbi la sauti hupita kama urefu wake wazidi sana mwendo ambao chembe husafiri kabla ya kugongana. Sauti zinazosikiwa na mwanadamu zina mawimbi mafupi, kuanzia sentimita mbili hivi hadi mita 17. Katika anga la nje mawimbi mafupi kama hayo hupotelea katikati ya chembe, kama mtu aliyetaka kuvuka mto kwa mawe yaliyo mbalimbali kupita hatua yake. Lakini jitu lenye hatua kubwa kuliko nafasi za mawe lingalivuka. Je, kuna sauti yenye hatua kubwa namna hiyo?

Ipo, na njia ya kuigundua ilipita kwetu Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa nchi yetu, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa lile lile la San Marco. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi moja tu: kutafuta miali ya eksirei itokayo kwenye nyota na galaksi. Miali hiyo haifiki ardhini, kwa kuwa hewa huizuia. Uhuru iliona kwamba makundi makubwa ya galaksi, likiwamo kundi la Perseus, hutoa eksirei si kutoka nukta moja bali kutoka eneo lote lililo kati ya galaksi. Uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kwamba eneo hilo limejaa gesi yenye joto la mamilioni mengi ya digrii, nyembamba kuliko ombwe lolote tuliwezalo kulitengeneza katika maabara. Pale ambapo macho yaliona utupu palikuwa na kitu.

Mwaka 2003 wataalamu walioongozwa na Andrew Fabian wa Cambridge walitangaza kwamba darubini ya eksirei iitwayo Chandra imeona viwimbi katika gesi ya Perseus, kama duara zizungukazo jiwe lililotupwa bwawani. Chanzo chake ni shimo jeusi lililo katikati ya kundi hilo, ambalo huipulizia gesi kwa nguvu na kuifanya itikisike. Viwimbi hivyo ni mawimbi ya sauti. Kati ya kimoja na kingine ni mwendo wa zaidi ya miaka ya nuru 30,000, na mtikisiko mmoja huchukua karibu miaka milioni 10. Wanamuziki wakiipima sauti hiyo, iko oktava 57 chini ya noti ya katikati ya piano. Ngoma nzito kuliko zote za matatu ya Thika ni filimbi nyembamba mbele yake.

Sikio la mwanadamu halitaisikia kamwe. Mwaka 2022 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa mlio uliotokana na viwimbi hivyo baada ya kuupandisha oktava 57 na 58, nao ulisambaa duniani kote. Baadhi ya watu walidhani kuwa kinasa sauti kilipelekwa angani kikarudi na wimbo. Sivyo. Viwimbi vilionekana kwa eksirei, vikapimwa, kisha vikageuzwa kuwa mlio unaolingana na masikio yetu, kama ramani inavyofanywa ndogo ilingane na meza.

Hata jua letu lina sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Leighton na wenzake walitambua kwamba uso wa jua huinuka na kushuka, kila mara kwa muda wa dakika tano hivi. Baadaye ilifahamika kuwa hayo ni mawimbi ya sauti yaliyonaswa ndani ya jua, na kwayo wataalamu hujifunza habari za tumbo lake, kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Kama pangalikuwa na hewa kutoka kule hadi huku, mngurumo wa leo ungalitufikia baada ya miaka 14 hivi. Lakini kati yetu na jua pana lile debe tupu, na jua huchomoza kila asubuhi juu ya mashamba ya kahawa ya Ruiru kwa kimya kamili.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mtu akikuuliza kama sauti yaweza kusafiri katika anga la nje, usimjibu kwa neno moja. Mwambie kwamba sauti kama zetu haziwezi, kwa kuwa chembe za kuzipokea ni chache mno. Mwambie kwamba mahali penye gesi, hata iwe nyembamba namna gani, mawimbi marefu ya kutosha hupita. Mwambie kwamba redio si sauti. Ukisema hivyo utakuwa umempa jibu na sababu yake, na jibu lenye sababu huweza kutembea lenyewe hata mwalimu akiwa hayupo.

Mimi kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaowafundisha wengine. Huwaambia kwamba kimya si ushahidi wa kutokuwapo kwa kitu. Jua liko kimya, na ndani yake mna ngurumo. Perseus iko kimya, na ndani yake mna sauti iliyoanza kabla ya mwanadamu. Na mtoto aketiye kimya nyuma ya darasa huenda ana swali zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Ila kati yake na mwalimu hapana kitu cha kulichukua. Kitu hicho si hewa, kwani hewa ya darasani yatosha. Ni imani kwamba akisimama na kuuliza hatachekwa. Mwalimu hawezi kukileta peke yake. Wewe nawe, uketiye kando ya mwenzako anayeinua mkono, ni mmoja katika foleni ile: msukumo ukikufikia, upokee, uupeleke mbele.